Jozi Tisa Chini ya Kitanda

Kiti changu kipo mwenyewe akikaa. Mwenyewe akisimama, kiti hakipo.

Mjukuu wa fundi viatu aliwatega wateja wote wa babu yake kitendawili hicho. Alikuwa na miaka mitano na hakuwa na haya hata chembe. Mteja akishindwa, mtoto anadai apewe mji. Akishapewa, anacheka na kutoa jibu: ni mapaja ya bibi. Bibi akikaa, yeye ana kiti. Bibi akisimama, kiti kwisha.

Sasa, mwaka ule mtoto alikuwa na kiti mchana kutwa siku za mapumziko. Bibi yake alikuwa anakaa mno. Akiagizwa chumvi jikoni, anamtuma mtoto. Akiitwa mlangoni, anaitikia akiwa ameketi. Mtoto alifurahi. Fundi hakuuliza kitu.

Bibi huyo watu walimwita Mama Pasi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo kwenye nyumba ya dobi, mtaa wa pili. Alisimama mbele ya meza ndefu tangu asubuhi hadi saa kumi. Kushoto kwake kulikuwa na mlima wa mashuka yaliyojikunja. Kulia kwake yalipangwa yaliyonyooka. Mlima wa kushoto haukuisha kamwe. Mwenyewe alisema shuka ni kama mdomo wa mtu mbaya: unalinyoosha leo, kesho limejikunja tena.

Mumewe alikuwa na kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Ndani mlikuwa na stuli ya mteja, benchi, makopo ya misumari, na rafu ya kalibu. Kalibu ni mguu wa mbao ambao fundi hushonea kiatu juu yake. Mikono yake ilinuka gundi hata akioga mara mbili. Miguuni alivaa ndala zilizofungwa kwa waya. Watu walipomcheka, alijibu kwamba kinyozi hajinyoi.

Lakini viatu vya watu wengine alivishona kwa heshima. Aliyemfundisha kazi alikuwa mkali, na alimwachia kanuni moja. Mteja hasimamishwi kama mshitakiwa. Mkalishe kwenye stuli. Chukua mguu wake kwa mikono miwili, uweke pajani pako, kisha upime kwa kamba. Fundi aliishika kanuni hiyo kama sala. Wateja waliipenda. Ni nani asiyependa kupakatwa mguu wake baada ya kutwa nzima ya kutembea?

Miaka tisa iliyopita alipofungua kibanda chake mwenyewe, kiatu cha kwanza alimshonea mkewe. Tangu hapo, kila mwaka alimshonea jozi moja. Kila mwaka alimkalisha, akampakata mguu, akapima. Jozi ya zamani Mama Pasi hakuitupa. Aliifuta vumbi na kuisukuma chini ya kitanda. Zilifika jozi nane, na ya tisa miguuni.

Fundi hakuwa kipofu. Aliona kwamba kiatu cha kushoto cha mkewe kiliisha upande mmoja, upande wa ndani. Basi mwaka wa tatu akaweka kipande cha ngozi ndani ya kiatu, kuinua upande huo. Mwaka wa nne akaongeza cha pili. Mwaka wa saba akaweka mpira wa tairi. Mwaka wa tisa alichonga kijiti cha mbao ngumu, akakilaza chini ya upinde wa wayo, akakifunika kwa ngozi laini. Alijisifu moyoni. Alijiambia hakuna mguu utakaomshinda.

Alipomuuliza mkewe kama viatu vimemkaa, mkewe alijibu vimemkaa. Kila mwaka jibu lilikuwa hilo hilo.

Siku moja mchana mjukuu alipata homa. Fundi alifunga kibanda akaenda kwa dobi kumwita mkewe. Mlangoni aliona kitu kikamsimamisha. Jozi ya tisa, ile ya kijiti, ilikuwa imepangwa kwenye kizingiti. Ndani, Mama Pasi alikuwa anasukuma pasi akiwa peku, juu ya sakafu ya saruji yenye majimaji. Wenzake hawakushangaa. Ilionekana ni kawaida yake.

Fundi hakusema neno mbele za watu. Walirudi nyumbani, mtoto akapewa dawa, homa ikashuka. Ndipo fundi akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya kupayuka, kama viatu vyake vilikuwa vya kumtia aibu kazini.

Mama Pasi akavua kiatu cha kushoto akampa.

"Tia mkono ndani," alisema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Fundi alitia mkono. Kijiti kilikuwa kimetoboa ngozi laini na kutokeza. Akauangalia wayo wa mkewe. Upande wa ndani, mahali ambapo wayo wa mtu huinuka kama daraja, hapakuwa na daraja. Palikuwa na uvimbe wa mfupa, na juu yake ngozi nene, nyekundu, iliyopasuka katikati.

Aliuliza ni tangu lini. Mkewe alisema tangu jozi ya nne. Aliuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unazishona kwa furaha," alijibu. "Ningesemaje?"

Halafu alisema lingine. Alisema haidhuru, kwa kuwa mguu huo ni wa kwao. Mama yake alikuwa nao. Mama mkwe huyo fundi alimkumbuka vizuri. Miaka saba ya mwisho ya maisha yake aliishi kwenye chumba cha nyuma, juu ya kigoda. Akitaka kwenda uani, anakisukuma kigoda sakafuni kwa makalio, kidogo kidogo. Ukisikia saruji inakwaruzwa, unajua mama anakwenda kuota jua. Kigoda chenyewe bado kilikuwapo, nyuma ya mlango wa jikoni. Mama Pasi hakutaka kitolewe. Alisema kitapata mwenyewe.

Jozi ya tisa nayo ilisukumwa chini ya kitanda. Siku nyingi zilizofuata hapakuwa na maneno mengi katika nyumba ile. Mtoto alitega vitendawili, hakuna aliyejibu. Alijipa miji yote mwenyewe.

Jirani yao mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi hospitali miaka thelathini, kwenye chumba cha kufungia mifupa iliyovunjika. Alikuwa amestaafu. Watu walimwita Bwana Plasta. Alipenda kusema kwamba amefunga miguu mingi kuliko mchunga mbuzi. Alikuja kibandani na kiatu kilichofumuka, akaketi kwenye stuli kungoja, na macho yake yakaangukia uani. Mama Pasi alikuwa anaanika nguo, amewapa mgongo.

Bwana Plasta alimtazama kwa muda. Mwishowe fundi alikohoa.

"Jirani, huyo ni mke wa mtu."

"Ninatazama visigino, sitazami mke," alisema mzee. "Hebu njoo usimame hapa. Huku nyuma yake."

Fundi alikwenda. Bwana Plasta alimwomba Mama Pasi asigeuke. Kisha akamwonyesha fundi. Visigino vya mtu, ukimtazama kwa nyuma, husimama wima kama nguzo mbili. Kisigino cha kushoto cha Mama Pasi kilikuwa kimelalia nje kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Cha kulia kilikuwa kimeanza. Tena, ukisimama nyuma ya mtu, kwa kawaida unaona kidole chake kidogo cha mguu, pengine viwili. Mguu wa kushoto wa Mama Pasi ulionyesha vinne. Wayo wote ulikuwa umekimbilia nje.

Mzee akamwambia Mama Pasi ashike ukuta, asimame kwa mguu wa kulia peke yake, kisha ainue kisigino na kubaki kwenye vidole. Akainuka kwa taabu, akitetemeka. Akamwambia afanye vile kwa mguu wa kushoto. Mama Pasi alijaribu. Kisigino hakikuachana na ardhi hata kwa unene wa kucha. Alijaribu tena akiwa ameuma midomo.

"Basi, shemeji. Inatosha," alisema Bwana Plasta, na mara ile hakuwa na mzaha.

Alieleza taratibu. Kwa ndani, nyuma ya kifundo cha mguu, inapita kano ngumu. Kazi yake ni kuushikilia upinde wa wayo, kama kamba inavyoushika upinde wa mwindaji. Kano ikichoka na kulegea, upinde unalala. Kisigino kinakwenda nje, na uzito wote unaangukia ndani. Mwanzo mguu bado ni laini, mtu anaweza kuurudisha kwa mkono. Baada ya miaka maungio hukakamaa. Yakishakakamaa hayarudi.

Fundi alikataa. Alisema ni uvimbe tu unaouficha upinde; mguu wa mkewe unao, ameupima mwenyewe mara tisa.

"Umeupimaje?"

Wakarudi kibandani. Fundi akakaa kwenye stuli ya mteja, akaonyesha kwa fahari jinsi mguu unavyokaa pajani.

Bwana Plasta alimtazama kwa huruma. Akamwita Mama Pasi akae, akauchukua mguu wake wa kulia, akauning'iniza. Daraja likaonekana chini ya wayo, dogo, lakini lipo. Akamwambia asimame. Daraja likazama sakafuni kama halikuwapo.

Mjukuu alikuwa amechuchumaa pembeni akitazama kila kitu. "Akikaa lipo," alisema, "akisimama halipo. Kama kiti changu."

Fundi aliingia ndani, akavuta jozi tisa kutoka chini ya kitanda, akazipanga sakafuni kwa miaka yake. Viatu vya mwaka wa kwanza vilikuwa vimesimama. Vya mwaka wa pili viliinama kidogo. Kila jozi iliinama zaidi ya mwenzake, hadi ya tisa iliyolala ubavu kama mlevi. Maradhi yote ya mkewe yalikuwa yameandikwa pale, na mwandishi wake alikuwa na msharasi wa kutobolea ngozi mkononi. Miaka tisa alimshonea viatu mwanamke aliyekaa. Mwanamke aliyesimama hakuwahi kumpima.

Walikwenda hospitali wakiwa na mjukuu. Mama Pasi hakutaka. Alisema alishakwenda zahanati miaka mitatu nyuma, akalazwa mezani, akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa mifupa yake mizuri na aache kulalamika. Bwana Plasta alisema picha ile ilipigwa kwa kanuni ya fundi viatu: mguu umelala, umepumzika. Mguu wa namna hii hupigwa picha mtu akiwa amesimama.

Daktari wa mifupa alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya mwalimu. Alimpiga Mama Pasi picha za kusimama. Alizitundika picha kwenye taa, akazitazama moja moja. Kisha alitoa kwenye droo mfupa wa plastiki, mdogo kama yai lililokanyagwa, akamkabidhi fundi.

Alimuuliza yeye hushonea kiatu juu ya nini. Fundi alisema juu ya kalibu. Kalibu ikiwa na kasoro je? Fundi alisema hata ushone kwa dhahabu, kiatu kitafuata kasoro.

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu," alisema daktari. "Huu ndio kalibu ya mguu. Ni mfupa wa kifundo. Umekaa katikati ya muundi na kisigino. Mwili wote unaushukia huu kwanza, kisha wayo unafuata unavyoelekea."

Akaendelea kueleza. Mifupa hii haifanani kwa watu wote. Kuna watu ambao sakafu ya chini ya mfupa huu imelala sawa. Wengine imeinama kama paa la banda, na shingo ya mfupa imeelekea ndani mno. Hiyo ya Mama Pasi iliinama. Ndivyo alivyoumbwa, na huenda mama yake pia. Mtu wa hivyo anaweza kuishi bila taabu yoyote. Lakini umri ukisogea, na kusimama kutwa, na kano ikichoka, kisigino kina mteremko wa kuteleza, nacho kinateleza.

Fundi aliugeuza mfupa ule mkononi. Alishachonga kalibu mamia. Akauliza kwa nini wasiutoe huu wakauchonga vizuri.

Daktari alitikisa kichwa. Alisema mfupa huu hauna msuli hata mmoja ulioshikamana nao. Karibu wote umevikwa gegedu, ule utelezi mweupe wa kwenye maungio. Damu inaufikia kwa njia chache na nyembamba. Ukiuchokoza, unaweza kufa ndani ya mguu. Kwa hiyo hawaurekebishi wenyewe. Wanarekebisha majirani zake, ili wabebe ule mwinamo wake.

Akaeleza mguu wa kulia kwanza, kwa kuwa huo ulikuwa bado laini. Watapasua mfupa wa kisigino, wausogeze kwa ndani uje chini ya mwili, waushike kwa skrubu. Kama haitoshi, watarefusha upande wa nje wa wayo kwa kabari ndogo ya mfupa. Kisha watachukua kano ya jirani, waipe kazi ya ile iliyochoka.

Fundi aliurudisha mfupa wa plastiki mezani. Si kwa kutoelewa. Alielewa mno. Kung'oa kisigino, kukisogeza, kukipigilia, kutia kabari: ndiyo kazi yake ya kila siku. Hajawahi kufikiria kiatu kinasikiaje.

Akauliza kuhusu mguu wa kushoto. Daktari aliushika, akajaribu kukirudisha kisigino ndani. Hakikwenda. Mama Pasi alifumba macho. Daktari alisema ungio la chini ya kifundo limeshakakamaa na gegedu limelika. Huo hauwezi kurudishwa kwa kusogeza kisigino tu. Wataunyoosha, halafu wataiunganisha mifupa iwe mmoja. Maumivu yatapungua sana. Ila mguu huo hautajipinda tena huku na huku. Kwenye mawe na mashimo atatembea kwa tahadhari maisha yake yote. Na asitarajie mguu kama wa msichana, maana ule mfupa wa kifundo utabaki na umbo lake.

"Tungekuja mapema?" aliuliza fundi.

Daktari hakumdanganya. Miaka mitatu au minne nyuma, alisema, mguu wa kushoto nao ungekuwa laini. Pengine kiatu cha kuuegemeza vizuri na mazoezi vingetosha. Pengine upasuaji mdogo.

"Mimi ndiye niliyeuharibu?"

"Hukuuharibu. Ulikuja hivyo kutoka tumboni kwa mama yake. Lakini ulituchelewesha. Na kile kijiti, baba, kitupe."

Hapo Mama Pasi akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye pia amechelewesha. Kila mwaka aliulizwa, kila mwaka alidanganya. Mficha maradhi kilio humfichua.

Daktari aliwaambia na mabaya yote. Kidonda kinaweza kupata wadudu. Mfupa unaweza kuchelewa kuunga. Wiki sita asikanyage kabisa. Uvimbe unaweza kukaa mwaka mzima. Mguu mmoja kwanza, wa pili baadaye, ili awe na wa kusimamia. Aende nyumbani akafikiri.

Mama Pasi alisema ameshafikiri.

"Mama yangu alikaa kwenye kigoda miaka saba," alisema. "Mimi nataka kusimama, hata kama nitasimama vibaya."

Kabla hawajatoka, fundi aliomba jambo moja. Alimvuta mjukuu, akamvua viatu. Alikuwa ameona nyayo zake za maji bafuni, bapa kama chapati ya udongo. Alishaanza kumkatia ngozi ya kumwinua. Daktari alimwambia mtoto asimame kwenye vidole. Akasimama, na chini ya kila wayo pakazuka daraja. Hakuumwa popote, alikimbia kama wenzake. Daktari alisema watoto wengi wana nyayo bapa na nyingi hujijenga zenyewe. Wamwache acheze. Wamrudishe kama mguu utauma, au utakuwa mgumu, au mmoja utapishana na mwenzake. Waliporudi nyumbani fundi aliichukua ngozi ile aliyoikata, akatengeneza kamba ya mkoba.

Upasuaji wa kushoto ulifanyika msimu wa mvua. Wakati wote fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini, na mikono yake ilifanya kazi yenyewe, ikivuta uzi usiokuwapo. Mkewe alitolewa akiwa na plasta hadi chini ya goti na midomo iliyokauka.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri, na hakuna haja ya kuipaka rangi. Kidonda kilitoa majimaji wiki mbili, wakarudi hospitali mara nne. Wiki sita ziligeuka kumi, kwa kuwa mfupa haukufanya haraka. Mwenye nyumba ya dobi alisubiri mwezi mmoja, kisha akaweka mtu mwingine mezani. Mama Pasi aliambiwa habari hiyo akiwa kitandani, mguu juu ya mito miwili. Alisema mashuka yatajikunja vile vile. Halafu aligeukia ukutani, na fundi akamwacha.

Jambo moja lilimtesa kuliko maumivu. Hakuruhusiwa kukanyaga, na magongo yalimchubua kwapa. Asubuhi moja fundi alisikia saruji inakwaruzwa. Alitoka kibandani mbio. Mkewe alikuwa amekitoa kigoda cha mama yake nyuma ya mlango, amekikalia, anajisukuma kwenda uani. Fundi alisimama katikati ya njia. Walitazamana.

"Ni wiki chache tu," alisema Mama Pasi.

"Najua," alisema fundi. Hakujua. Aliukamata mguu wenye plasta usigonge kizingiti, wakaenda hivyo hadi juani, yeye akirudi kinyumenyume.

Plasta ilitolewa. Mguu ulitoka mwembamba, mkavu, na mgeni. Lakini kisigino kilikuwa chini ya mwili. Bwana Plasta alikuja kukitazama kwa nyuma, akapiga magoti na miwani yake, akasema amekwisha kuona nguzo zilizonyooka kuliko hiyo, lakini ameona nyumba zikisimama kwa mbovu zaidi. Akamfundisha kutembea upya. Hatua tatu, kupumzika. Kesho yake nne.

Mguu wa kulia ulifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata, na huo ulipona vizuri. Leo ukimtazama Mama Pasi kwa nyuma unaona visigino viwili vilivyokaribia kuwa wima. Wa kushoto ni mgumu kama kalibu. Wa kulia unainama na kuinuka. Akipita kwenye kokoto humshika mtu mkono. Siku za baridi kushoto kunamuuma. Kwa dobi alirudi, si kwa siku nzima, ni hadi saa sita, na mwenye nyumba alikubali awe na stuli ndefu ya kuegemea. Kigoda cha mama yake hakiko tena nyuma ya mlango. Fundi anakikalia kibandani anapopima, kwa kuwa ni kifupi na kipo karibu na ardhi.

Maana alibadilisha kanuni yake. Mteja akija sasa, anapewa salamu, anapewa stuli, anapumzika. Halafu anaombwa asimame juu ya karatasi, miguu yote miwili, uzito wake wote. Wapo wanaonuna. Mmoja alimuuliza kama amekuwa askari. Fundi hujibu kwamba kiatu hakivaliwi na aliyekaa. Anachora wayo, anazunguka nyuma, anatazama visigino. Akiona kimoja kimelala, anasema. Hatengenezi kwanza. Ameshawapeleka watu sita kwa daktari yule mfupi. Wawili walihitaji viatu vya kuegemeza tu, kwa kuwa walikwenda mapema.

Jozi ya kumi ilichelewa sana. Fundi aliogopa kuishona. Mwishowe Mama Pasi ndiye aliyekuja kibandani, mchana, akamkuta ameinamia kiatu cha mtu. Akavua ndala. Akajitafutia karatasi, akaitandika sakafuni, akasimama juu yake bila kushika ukuta.

Mjukuu aliona bibi amesimama, akanung'unika kwamba kiti chake kimekwenda tena. Bibi yake akamwambia atafute kiti kingine, hicho kina kazi.

Fundi aliweka msharasi chini. Alizoea kuuliza kama kiatu kimekaa, baada ya kukimaliza. Safari hii hakuwa hata amekata ngozi.

"Panauma wapi?" aliuliza.

Mama Pasi alifungua mdomo kusema hapaumi. Akaufunga. Kisha akainama, akamwonyesha kwa kidole. Hapa. Na hapa, jioni. Na hapa, nikishuka ngazi.

Fundi alitia alama kila alipoonyeshwa, akiwa amepiga magoti. Mguu uliosimama hauji pajani kwa mtu. Ni fundi anayeshuka kuufuata.